Maana ya Dirisha

Siku ya kwanza alipolisikia neno lile, msahihishaji alidhani ni dirisha kweli.

Alikuwa ameolewa juzijuzi tu, hata sanduku lake la nguo lilikuwa halijafunguliwa lote. Alikuwa jikoni na mama mkwe wake wanachambua mchele, mara sauti zikapanda uani. Mume wake na wifi yake walikuwa wanagombania kamba ya kuanikia nguo, kila mmoja akisema mwenzake ameimaliza yote kwa mashuka. Mama mkwe hakuinua hata uso. Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa, akasema, "Hao wameanza dirisha."

Bi harusi akainuka upesi, akazunguka vyumba vyote kufunga madirisha, maana alifikiri mvua inakuja. Akarudi jikoni anahema kidogo.

"Nimeyafunga, mama."

"Umefunga nini?"

"Madirisha."

Mama mkwe alimtazama, kisha akacheka mpaka ungo ukatikisika mapajani na mchele ukamwagika.

Ndivyo alivyojua kwamba katika nyumba ile dirisha halikuwa la ukutani tu. Dirisha lilikuwa ugomvi mdogo, ule usio na kichwa wala miguu. Kulikuwa na dirisha la taulo, dirisha la chumvi, dirisha la nani ameacha taa ikiwaka. Watu walifanya dirisha, walileta dirisha, na mtu aliyeamka vibaya waliambizana wampishe, ana dirisha huyo. Baba mkwe, ambaye alikuwa fundi viatu na alifanyia kazi barazani, alikuwa akisema bila kutoa misumari midomoni, "Hilo dirisha lisogezeni huko, nashona soli ya watu." Ugomvi wenyewe, ule wa kununiana na kuitana majina, ulikuwa jambo jingine, na haukuitwa hivyo.

Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Alikaa mezani mchana kutwa akisoma kurasa kabla hazijaingia mtamboni, akitafuta herufi iliyodondoka au mkato uliokaa pasipo pake. Mtu wa kazi hiyo haliachi neno lipite hivihivi. Kesho yake alifungua kamusi kubwa ya ofisini. Dirisha: uwazi ukutani wa kupitisha mwanga na hewa, neno lenye asili ya Kiajemi. Basi. Habari za ugomvi hakuna. Akaanza kuyatazama na maneno mengine ya ugomvi kwa raha zake. Kukwaruzana alikuona kabisa, vitu viwili vigumu vinapitishwa kimoja juu ya kingine. Katika chokochoko alihisi kijiti, mtu anachokoa mahali pasipouma mpaka paanze kuuma. Lakini dirisha, uwazi wa kupitisha hewa, lilifikaje kwenye taulo na chumvi?

Aliwauliza wakiwa wanakula.

"Ni kwa sababu ya majirani," mume wake alisema. Yeye alikuwa fundi wa friji, na alizungumza juu ya kila jambo kama mtu aliyekwisha kulifungua akaliona ndani. "Watu wakigombana ovyo, majirani wanachungulia dirishani."

"Uongo," alisema wifi yake. Huyu alikuwa msusi. "Ni baba na mama. Siku wanatoka fungate waligombania kiti cha dirishani kwenye basi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe nani kakwambia habari za majirani?"

"Sasa haya ni dirisha juu ya dirisha," alisema mama mkwe, akasogeza bakuli la mboga katikati yao kama mtu anayetenganisha majogoo.

Bi harusi akamgeukia baba mkwe. Mzee alitafuna kwanza, akameza.

"Neno hilo si letu," alisema. "Tulipewa."

"Na nani, baba?"

"Kuna mwenyewe."

Mkewe akamtupia jicho. Mzee akaomba maji, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Kwao msahihishaji, watu hawakuwa wakigombana. Baba yake alikuwa karani, mama yake mshona nguo, na nyumba yao ilikuwa na zulia kila mahali, hata miguu haikusikika. Jambo likimuudhi mama, alitenga chakula, akaenda kukaa chumba kingine. Likimuudhi baba, alifunga mlango polepole, kwa uangalifu zaidi kuliko siku nyingine, na watoto walijua. Hakuna aliyewahi kuuliza kuna nini. Wageni waliisifu sana nyumba ile.

Kwa hiyo aliingia katika ndoa na neno lake mwenyewe, nalo lilikuwa "hakuna shida".

Mume wake alileta friji bovu la mteja, akaliweka chumbani kwao, kati ya kitanda na kabati. Akasema ni la siku mbili, anasubiri kipuri. Mkewe akasema hakuna shida. Kipuri kilichelewa. Friji likakaa, na kila jioni lilijaribiwa, likanguruma, likatetemeka, likazima kwa kishindo kama mtu aliyeangusha gunia. Ilibidi apite ubavu ubavu kufikia nguo zake. Hakuna shida. Wifi yake akaanza kuwasukia wateja kwenye sebule yao ndogo siku za Jumamosi, kwa kuwa ina mwanga mzuri. Hakuna shida. Nywele bandia alizikuta kwenye zulia, kwenye kitabu alichokuwa anasoma, siku moja hata kwenye kikombe. Alizitoa, akaosha kikombe, akaenda chumbani, akaufunga mlango polepole.

Hakuna aliyeelewa maana ya mlango ule. Katika nyumba hii mlango usiobamizwa ulihesabiwa kuwa mlango uliofungwa tu.

Halafu mkuu wake wa kazi akamwita. Tawi lao la kule milimani lilihitaji msahihishaji mkuu. Je, angependa kwenda?

"Nitakwenda," alijibu, na akashangaa jinsi neno lilivyotoka lenyewe.

Alijiambia atamweleza mumewe Jumapili. Jumapili ikapita. Akajiambia Jumapili ijayo, nayo ikapita. Alikuwa mpole kuliko kawaida siku zile. Alimpigia mumewe pasi mashati yote, akamchongea wifi yake penseli za nyusi. Ndani yake alijua kwamba haendi kwa sababu ya cheo. Alikuwa anaondoka, ila alikuwa anaondoka kwa adabu.

*

Milimani kuna baridi, na yeye hakuwa na sweta. Ndiyo maana alikwenda kwa Mama Mdogo.

Mama Mdogo hakuwa ndugu wa damu wa mtu yeyote katika familia ile. Aliishi peke yake nyumba chache kutoka kwao, akifuma sweta kwa mashine, na kila Jumapili alikula kwao. Mume wa msahihishaji na dada yake walimwita mama mdogo tangu walipojua kusema, na mtaa mzima ukaiga. Hakuwa na mume wala mtoto, na haikuwa kawaida ya mtu kuuliza kwa nini.

Chumba chake kilikuwa na mashine ndefu ya kufumia karibu na mlango, mabunda ya nyuzi kwenye rafu kwa rangi zake, na joto la pasi. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi. Mama Mdogo alimsimamisha katikati ya chumba, akampima mabega.

"Unataka mikono mifupi?"

"Mirefu, Mama Mdogo. Na shingo ya kukunja. Uzi mzito."

"Mzito kwa joto hili?"

"Napenda tu."

Mama Mdogo akampima urefu wa mkono. "Na mwenzako nije nimpime? Nikiandaa uzi mzito nitoe mawili kwa pamoja."

"Hapana, langu tu."

Utepe wa kupimia ukabaki ukining'inia mkononi mwa yule mama. Hakuuliza unakwenda wapi. Alikwishaelewa.

"Anajua?"

"Hakuna shida, Mama Mdogo."

"Sijauliza kama kuna shida. Nimeuliza kama anajua."

Msahihishaji alitazama sakafu.

"Kaa," alisema Mama Mdogo. Akamwondolea nyuzi kwenye kiti. Yeye mwenyewe akakaa kwenye benchi la mashine, akaupa mgongo ufumaji wake. "Nilisikia ulikuwa unaulizia neno la dirisha. Baba mkwe wako aliniambia. Alikuja kuniomba ruhusa, eti akwambie? Nikamwambia mwache, siku yake ikifika nitamwambia mwenyewe."

Akaanza kusimulia, bila haraka, huku akiuviringa utepe kwenye vidole vyake.

"Tulikuwa tumepanga nyumba moja na wakwe zako. Wao chumba kile, sisi hiki, katikati ukuta wa mbao. Ukipiga chafya huku, wa kule wanakwambia afya. Mama mkwe wako alikuwa mpokea simu, zamu yake ya usiku, analala mchana. Baba mkwe wako anashonea viatu humohumo chumbani. Walikuwa wakigombana wale, mwanangu. Waligombania ndoo. Waligombania nani kamaliza sabuni. Anagonga nyundo, mkewe anamwambia unanigonga kichwani, yeye anajibu kichwa hakina soli. Mimi na mume wangu tulikaa kitandani tukisikiliza, tunatazamana, tunaziba midomo tusicheke.

"Sisi tulikuwa wastaarabu. Tulipooana tuliahidiana kwamba kwetu hakutasikika neno. Na kweli halikusikika. Mtaa wote ulitusifu. Walisema, wale hata sauti hawana.

"Ikaja mvua ya baridi. Ilinyesha wiki nzima, pa kupikia nje hakuna, kila mtu akaingiza jiko la mkaa ndani. Siku moja mchana, wale wa upande wa pili wakaanza. Baba mkwe wako anafungua dirisha, anasema moshi unamwingia machoni. Mama mkwe wako anafunga, anasema maji yanaingia kitandani. Huyu anafungua, huyu anafunga. 'Macho yako ni ya kitunguu?' 'Na kitanda chako ni cha chumvi, kitayeyuka?' Mume wangu akacheka. Siku hiyo alikuwa na homa, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia."

Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni. Mama Mdogo alingoja mpaka magurudumu yakapita.

"Kichwa kikaanza kuniuma. Nikatamani hewa. Dirisha letu lilikuwa upande wake, juu ya kitanda. Nikainuka, nikamtazama. Amefumba macho, ametulia, na tangu asubuhi hakuwa ametulia. Nikajiambia, nikifungua, baridi itampiga. Hatasema kitu, maana si mtu wa kusema. Lakini atakunja uso. Nami sikupenda akunje uso kwa ajili yangu. Nikalala tena."

"Mama Mdogo," msahihishaji alinong'ona.

"Ngoja. Baadaye sana nilikuja kufikiri kwamba pengine na yeye kichwa kilimuuma. Pengine na yeye alitaka hewa, akaona nimelala, akaogopa kunisumbua. Sitajua. Tulikuwa watu wa adabu.

"Mama mkwe wako ndiye aliyekuja. Waliposhindwana, aliona aibu, akaja kutuomba radhi kwa kelele. Akabisha hodi. Kimya. Angekuwa mtu mwingine angerudi. Lakini aliona viatu vyetu mlangoni, jozi zote mbili, akazidi kugonga. Akamwita mumewe, akaja na nyundo yake ya viatu, akavunja komeo. Wakanivuta nje, mvua ikaninyeshea usoni, ndiyo iliyonizindua. Mwenzangu hakuzinduka. Daktari alisema ni hewa ya mkaa. Haina harufu, haina sauti. Chumba cha wale wagomvi kilikuwa na jiko kama letu, mkaa uleule tulionunua kwa pamoja. Ila dirisha lao lilishinda likifunguliwa na kufungwa."

Alinyoosha utepe juu ya goti lake, akauviringa upya.

"Walinichukua, nikakaa kwao. Nilikuwa nikilala kitanda kimoja na mama mkwe wako, mzee analala chini. Basi wakaacha kugombana. Walinionea huruma, wakawa wanapitana kwa kunyata. 'Chukua wewe.' 'Hapana, chukua wewe.' Wakisemezana kama wageni msibani. Walidhani wananipumzisha. Mwanangu, kimya kile kilikuwa kinaniua mara ya pili. Kila wakinyamaza, mimi nasikia chumba chetu. Nilikuwa silali.

"Asubuhi moja mama mkwe wako akaunguza uji. Nikamwona mzee anatazama sufuria, anafungua mdomo, halafu ananitazama mimi, anaufunga. Nikapiga kelele. Mimi ambaye mtaa ulisema sina sauti. Nikawaambia, msininyamazie. Semeni uji umeungua. Fanyeni dirisha lenu, nisikie watu. Walinitazama wakadhani akili imeruka. Kisha mzee akasema, taratibu kabisa, 'Uji umeungua.' Mkewe akasema, 'Na moto nani kaukoleza?' Wakaendelea. Kwanza walikuwa wanaigiza, nawaona, kila mmoja ananitazama kwa pembe ya jicho. Baadaye wakasahau, wakagombana kweli. Nikajilaza pale pale kwenye mkeka, nikalala mpaka jioni.

"Tangu hapo wakiwa kimya mno nawagongea. Nawauliza, leo hakuna dirisha? Watoto wao wamelikuta neno, wamekua nalo. Hawajui limetoka wapi. Wazazi wao walinistahi, hawakusema."

Msahihishaji alikuwa analia bila sauti, kama alivyolelewa. Mama Mdogo akampa kipande cha kitambaa.

"Sikwambii usiende," alisema. "Mimi sweta nitafuma, ndiyo kazi yangu. Nakwambia tu usiende hali mwenzako amelala."

*

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Alipofika nyumbani alimkuta mume wake chumbani amepiga magoti nyuma ya lile friji, tochi mdomoni.

Alisimama mlangoni. Alijiona kama mtu anayetaka kuiba.

"Hili friji linaninyima usingizi," alisema.

Mume akatoa tochi mdomoni. "Friji gani?"

"Kuna mangapi humu?"

"Si ulisema hakuna shida?"

"Ilikuwepo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Sasa mbona hukuona? Napita ubavu ubavu chumbani kwangu kama kaa, wewe unanitazama tu. Na sebuleni nywele. Juzi nimekunywa nywele."

"Zile si zangu, ni za dada."

"Nani alimpa sebule?"

Wakaendelea hivyo. Ajabu ni kwamba, katikati ya maneno, alihisi kifua chake kinapata nafasi. Mume wake hata hakuonekana kuumia sana. Alibishana huku anakunja waya, kama mtu aliye katika jambo alilolizoea, na akasema kesho atalitoa friji, na ya nywele watayazungumza. Angeweza kuishia hapo, na jioni ingekuwa njema.

"Kuna jingine," alisema. "Nimekubali kazi ya milimani. Naanza mwezi ujao."

Waya ukamponyoka mume wake mkononi. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, macho yametazama mguu wa kitanda. Msahihishaji aliujua ukimya ule. Aliujua toka utotoni, na mara hii ndiye aliyeusababisha.

"Usininyamazie," alisema, na sauti yake ikapanda mpaka ikamtisha mwenyewe. "Sema chochote. Nitukane kama unataka, ila usininyamazie."

"Umekubali bila kuniambia."

"Ndiyo."

"Ulitaka nijue lini? Nikikuta kabati tupu?"

"Sijui."

"Milimani kuna baridi, nani ana friji huko? Mimi ningekula nini?"

Alitaka kucheka, ikamtoka sauti iliyokuwa nusu kicheko. Mume wake hakucheka. Akainuka, akaanza kupaza sauti, naye akaipaza yake, na yote yaliyokuwa yamekaa chini ya zulia yakatoka. Nyumba nzima ilisikia. Barazani, mama mkwe alimuuliza mumewe polepole, "Hilo nalo dirisha?"

Fundi viatu akatoa misumari midomoni. "Hapana," alisema. "Hilo ni mlango mzima."

*

Friji lilitolewa kesho yake asubuhi, lakini mambo hayakutengemaa upesi hivyo. Mume wake alikuwa ameumia, na kwa siku kadhaa alimjibu kwa neno moja moja. Ila hakuacha kujibu. Siku moja wakiwa wanaosha vyombo alimuuliza, bila kumtazama, "Ulitaka kwenda, au ulitaka kuondoka?"

Aliyefanya kazi ya maneno miaka yote ile hakuwahi kuulizwa swali zuri kama hilo.

"Nilitaka kuondoka," alisema. "Sasa sijui."

Ndipo alipomsimulia habari ya Mama Mdogo. Alimsimulia yote, mkaa, mvua, jozi mbili za viatu mlangoni, uji ulioungua. Mume wake alizima bomba, akajikausha mikono, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa anakumbuka Jumapili zote, yeye na dada yake wakipigiana kelele za dirisha mbele ya yule mama, wakicheka, wakimtaka awe mwamuzi. Hata vyombo hakuvimaliza. Akavaa viatu, akaenda kwake.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nimemwomba radhi," alisema. "Amenifukuza. Amesema neno alilitoa ili litumike, na kama tutaanza kulificha atakuja kulichukua."

Msahihishaji alikwenda kwa mkuu wake wa kazi, akaomba muda wa kufikiri upya. Mkuu hakufurahi, akasema tawi haliwezi kusubiri watu wafikiri, na nafasi akampa mwingine. Ilimuuma, kwa kuwa kazi ile ilikuwa nzuri na yeye aliiweza. Siku alizokumbuka hivyo alimwambia mume wake kwamba leo inaniuma, naye alisema pole, au alisema hata mimi ningeumia, au alibisha kwamba hakumzuia yeye. Ikawa inaongeleka.

Walihama. Walipanga vyumba viwili karibu na kiwanda cha kuchapa. Mama mkwe alilichukulia vibaya, akasusa kwa muda, akiuliza watu kama nyumba yake ina kunguni. Kisha alitokea bila taarifa na kapu la viazi, akatazama huku na huku, akasema mapazia ni mafupi. Msahihishaji akasema yanatosha. Wakabishana juu ya mapazia mpaka chai ikapoa, na mama mkwe alipoondoka alionekana ameridhika kabisa. Mama Mdogo naye alikuwa akija, na kiti alichokipenda kilikuwa kile cha karibu na meza, katikati ya kelele.

Mwaka ule mama yake msahihishaji alikuja kuwatembelea. Asubuhi ya pili msahihishaji na mume wake wakazozana kuhusu kopo la sukari, nani ameliacha wazi na sisimizi wameingia. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Uso ukamparama. Alikuwa anajiandaa kwenda kufunga begi.

"Mama, hilo ni dirisha tu," binti yake alimwambia.

"Dirisha gani?"

Mume alipoondoka kwenda kazini, binti akamketisha, akamweleza tangu mwanzo, huku wakimenya viazi. Mama alisikiliza bila kukatiza, kama ilivyokuwa desturi yake. Walipomaliza viazi aliinuka kuosha vyombo. Alifuta sahani moja kwa muda mrefu.

"Baba yako anakoroma," alisema.

"Najua, mama. Nyumba nzima inajua."

"Yeye hajui." Akaendelea kuifuta ile sahani. "Miaka yote hii. Nalala sebuleni, namwambia nina joto."

Binti akasema, "Mwambie."

"Mtu anaanzaje?"

"Anza tu na kukoroma."

Mama akaitikia kwa kichwa, uso mzito, kama mtu aliyepewa dawa ya kwenda kunywa nyumbani.

Majuma kadhaa baada ya yeye kurudi, simu ikaita. Alikuwa baba. Hakuwa mtu wa kupiga simu, na kwa kitambo kidogo msahihishaji alisikia pumzi tu, akaogopa kuna msiba.

"Mama yako siku hizi ana maneno," alisema baba. "Anasema nakoroma."

"Ehe, baba."

"Nami nimemwambia anayekoroma ni yeye."

Nyuma yake, mbali kidogo, ilisikika sauti ya mama ikikana. Baba akaweka simu kando amjibu, akasahau kuikata. Binti yao alikaa mezani kwake kazini, kurasa za watu zikiwa mbele yake hazijasomwa, akawasikiliza wakibishana mpaka simu ikaisha chaji.